Nishikie Nafasi

Ndugu waombolezaji, kabla ya kuanza, wale mliosimama pale mlangoni jisikieni huru, viti vya mbele vipo, na kama mnaona vema kubaki hapohapo hakuna atakayewasumbua, historia hii si ndefu, maana marehemu mwenyewe akishika kipaza sauti alikuwa hakiachii, na sisi ndugu zake tumekubaliana leo tusimuige.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa lakabu ya Kufuli, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa mpishi wa shule ya bweni na mkewe, mama ambaye miguu ilimvimba tangu ujana na haikupata kupona. Alianza darasa la kwanza Januari 1959, lakini kabla ya kengele ya shule alikuwa na kazi nyingine, kwenda zahanati kumshikia mama nafasi kwenye benchi, kwa sababu mama hakuweza kusimama, na huko ndiko alikojifunza utaratibu ambao nyote mnaujua, kwamba ukifika unauliza "Nani wa mwisho?", aliye wa mwisho ananyoosha kidole, unakaa baada yake, na sasa wa mwisho ni wewe, mpaka afike mwingine akuulize. Marehemu alipenda kusema kwamba katika nchi nzima hajaona sheria inayotiiwa kama hiyo, na haijaandikwa popote. Mama alifariki tarehe 2 Juni 1964, kwenye benchi hilohilo, zamu yake ikiwa bado.

Alimaliza sekondari mwaka 1969, na mwaka uliofuata akaajiriwa palepale kiwandani, idara ya kukata miche ya sabuni, ambako alifanya kazi kwa bidii, akachaguliwa katibu wa chama cha wafanyakazi mwaka 1978, na hata alipokuja kuvaa suti za bungeni, ukimkumbatia ulisikia harufu ya sabuni. Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili, aliyekuja kiwandani kulalamika kwamba miche inakatwa mifupi, akaondoka na katibu mzima, ndiye huyu wifi yetu mjane aliyeketi mbele yenu. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa 1981, ambaye ni mhandisi wa maji, na kijana aliyezaliwa 1984, ambaye ni mwalimu.

Mwaka 1995 marehemu alichaguliwa kuwa mbunge, na mwaka 2000 chama chake kikampa unadhimu, yaani kazi ya kuhakikisha kila mbunge wa chama anapiga kura anavyotakiwa, na hapo ndipo alipopata jina la Kufuli, kwa sababu akishakufunga hakuna wa kufurukuta. Tusifichane, alikuwa mkali, na mdogo wake wa kike, huyu anayewasomea, ambaye ni mwanachama wa upande wa pili tangu ujana, hakuwahi kunywa naye chai ikaisha bila kugombana.

Mwaka 2002 marehemu ndiye aliyeongoza kamati ya chama chake iliyoandika Muswada wa Matibabu kwa Wote, na aliuandika kwa moyo wote, akimkumbuka mama. Chama kikashindwa uchaguzi kabla hakijaufikisha bungeni, upande wa pili ukashika madaraka, ukauokota muswada uleule, ukaubadilisha jalada, ukauleta, na ghafla ukawa muswada wa hovyo, wa kufilisi nchi, na waliouandika wakawa wa kwanza kuupigia kelele. Siku ya kura, tarehe 9 Novemba 2006, mbunge mmoja wa chama chake, mama aliyekuwa muuguzi kabla ya siasa, alimwambia waziwazi kwamba yeye ataukubali, na marehemu akamketisha kwenye ngazi za ukumbi, akamshika mkono, akamwambia kwa upole, dada yangu, chama kwanza, wagonjwa wamezoea kusubiri. Yule mama aliingia akaukataa, wenzake nao wakaukataa, na muswada ukaanguka.

Jumamosi iliyofuata, tarehe 11, marehemu alitoka sebuleni na kikombe mkononi, akafika mlango wa jikoni akasimama. Wifi alimwuliza anasubiri nini, akajibu kwamba kuna watu mbele yake. Wifi akacheka, akidhani ni utani wa siku zote, mpaka alipomsikia akiuliza kwa sauti ya adabu, "Nani wa mwisho?", kisha akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeonyeshwa kidole, akaketi kwenye kigoda nje ya mlango, na chai ikapoa mkononi.

Kuanzia hapo hakuna mlango aliopita bila kungoja. Alituambia kwamba anawaona migongo tu, mwanamke mwenye chupa ya chai, mzee aliyefungwa kitambaa mguuni, mtoto aliyebebwa mgongoni, mwenye ndala moja tu, na nyuma yao wengine asiowafahamu, wapole, hawasukumani, hawageuki. Mlango wa bafuni walikuwa wachache, mlango wa benki walijaa kidogo, lakini mlango wa Bunge, alisema, foleni ilitoka hadi maegesho ya magari. Chama kilimpa likizo, magazeti ya upande wa pili yalichora katuni, daktari wa macho na wa mishipa ya fahamu walimpima wasione kasoro, na sisi tukaanza kusema chinichini kwamba mzee amerukwa na akili. Tuliacha kusema hivyo siku mdogo wake alipomsindikiza kliniki, wakakuta ukumbi mtupu, marehemu akauliza, akaonyeshwa, akakaa, na dada alipotaka kuketi mbele yake kwenye benchi la mbao lisilo na mtu, akalikuta lina joto, akainuka haraka, akaomba radhi, hajui alimwomba nani.

Ndugu hao wawili waliacha kugombana tangu siku hiyo. Muswada uliporudi bungeni mwaka 2011, marehemu alimwambia mkewe na mdogo wake kwamba safari hii anaukubali, chama kimfukuze kikitaka, na tarehe 21 Juni alifika asubuhi na mapema, akiwa wa kwanza kati ya wabunge wote, akashuka kwenye gari, akauliza, na akasimama palepale maegeshoni. Wenzake walimpita wakimwita, "Kufuli, twende bwana", dereva akamsihi, yeye akasema hawezi kuwaruka watu waliotangulia. Alisogea kidogo kidogo kutwa nzima juani, alifika ngazi ya kwanza kengele ilipolia, milango ikafungwa, kura zikahesabiwa zikalingana, na kwa kanuni zao muswada ukilingana umeanguka. Wiki ileile chama chake kilimtumia saa ya ukutani, pamoja na pongezi kwa mbinu yake ya kukwepa kuingia. Wifi anasema hakuwahi kumwona akilia vile, hata siku ya kumzika baba, na saa hiyo haijatundikwa mpaka leo.

Alijiuzulu mwezi uliofuata. Mwaka 2017 figo zake zilianza kushindwa kazi, na kama mbunge mstaafu alikuwa na haki ya kutibiwa wodi maalumu isiyo na foleni, lakini kwake foleni ilikuwepo, na alikataa katakata kupitishwa. Madaktari wakakubali kumtokea nje, wakamtibu kwenye korido, kwenye benchi, siku baada ya siku. Alhamisi iliyopita, tarehe 6 Februari 2020, alisema mbele yake wamebaki wachache, akampa mdogo wake mkono, akamwambia, "Nishikie nafasi, natoka kidogo", dada akamjibu, "Nenda, nipo", naye akafumba macho, akatutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hawakumcheka, wakakubali kuwa kama yeye haingii basi wao watatoka. Tunawashukuru majirani, waliojifunza kuacha upenyo kila walipomwona amesimama mlangoni. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na tunawashukuru wabunge wa pande zote mbili mliokuja leo, wakiwemo wale ambao hatukuwategemea.

Nanyi waheshimiwa, niwaombe jambo moja, kwa kuwa nimesikia muswada unarudi Jumanne ijayo. Mimi ni mtu mzima, sitaki makuu, na sijawahi kuamini mambo ya namna hii. Lakini Ijumaa asubuhi nilifika mlango wa nyumba yangu mwenyewe nikajikuta nimesimama, na tangu hapo ninawaona. Wale niliowakaribisha mwanzoni wamesimama pale mlangoni bado, mmepita katikati yao kuja kwenye viti hivi, na mstari wao ninauona unavuka uzio na kukata kona. Mtoto wa ndala moja nimemwona. Yule mwanamke mwenye chupa ya chai sikuhitaji ageuke, miguu yake ninaijua.

Jumanne nitakuwa kwenye maegesho ya Bunge. Mtakaopita bila kuona kitu, piteni salama. Ila ukishuka kwenye gari miguu ikagoma, usiogope na usimwite dereva, uliza tu nani wa mwisho, nami nitanyoosha kidole.

Kaka, pumzika kwa amani huko ulikokwenda kidogo, usiharakishe kurudi, nafasi yako nimeishika.