Kisanduku cha Mdogo Wangu

Msinitolee macho, na ninyi wa nyuma acheni kunong'ona kwamba mimi na marehemu tulikuwa hatupikiki chungu kimoja. Tumbo lililomzaa ndilo lililonizaa, ninayosoma kwenye wasifu huu ni ya kweli, na asiyeamini, mlango uko wazi.

Mdogo wangu alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, chumba cha nyuma nyumbani kwa mama, nikambeba mgongoni, na asante yake akanipita kila kitu, sauti, nywele, hata mwendo. Mimi niliishia darasa la saba, yeye Januari 1973 akapelekwa sekondari, kisha chuo cha ufundi, na tarehe 1 Julai 1980 akaajiriwa kituo cha mawasiliano. Aliolewa tarehe 12 Desemba 1984, na mwanamume niliyemwona mimi kwanza, wakajaliwa mabinti wawili, wenye adabu mno, sina hata la kulalamikia.

Kazini ndiko alikompata yule fundi mnayemwita Pacha wake, kana kwamba pacha huokotwa ofisini. Wakaunda visanduku vya maafa: minara ya simu ikizimika, kisanduku hutunza ujumbe wako, kikikutana njiani na kingine huukabidhi, kwa kuwa hukumbuka nani hukutana na nani, na huchagua mbebaji anayemwona aliyetumiwa ujumbe mara nyingi zaidi, ila mbebaji hawezi kuusoma, huona tu jina la wa kupelekewa.

Mafuriko ya tarehe 17 Aprili 2016, mama alinitumia ujumbe, mimi, si mwingine, akiwa juu ya paa la zahanati. Ukabebwa na muuza mikate, ukapita kwa muuguzi, ukaishia kwa mdogo wangu, maana nani mwingine hukutana na mimi? Kila asubuhi alipita, "Dada, umeamkaje?" nami, "Si unaniona nimesimama?" Akavuka maji ya kifuani, kuniletea ujumbe asioujua umetoka kwa nani. Tukamfuata mama kwa mtumbwi wa jirani, naye, nguo hazijakauka, akamshukuru nani? Yeye.

Aliugua figo tangu tarehe 3 Februari 2024, akafariki hospitalini tarehe 21 Agosti, mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Tunawashukuru madaktari, majirani na wafanyakazi wenzake, akiwemo Pacha, ambaye jana aliomba apewe kisanduku cha marehemu, ati ndiye aliyekuwa karibu naye zaidi. Kiulizeni chenyewe, tangu mdogo wangu astaafu kilikutana na nani kila siku. Kimo mkobani mwangu, na kuanzia kesho asubuhi nitapita nacho milangoni kwenu kuwauliza mmeamkaje, mpende msipende, nanyi mtanijibu vizuri.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, zamu yako imekwisha. Mimi natoka, na huu mlango naufunga mwenyewe.