Mama Povu na Mashine Isiyojua Saa

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mama Povu wa jikoni anatimiza miaka thelathini na moja ya kuosha vyombo katika hospitali yetu, na siku hiyohiyo anastaafu. Barua yake imeshapigwa muhuri. Nataja muhuri mapema kwa sababu bila huo nisingethubutu kuandika yanayofuata. Ofisi ilitafuta mtu anayemjua vizuri aandike habari zake kabla ya sherehe ya kumuaga, na wengi walisema hawana nafasi. Mimi, fundi wa boila, ambaye hapa mnaniita Mjomba hata mlionizidi mvi, nikasema leteni kalamu. Shule niliiacha darasa la saba, ila mdomo uliendelea na masomo. Mwenyewe nilimwomba ruhusa akasema, "Andika yote, Mjomba, lakini usitie chumvi." Nimetia kidogo tu, ya kuonja.

Alianza kazi akiwa kibarua wa kumenya viazi. Siku muosha vyombo wa zamani alipoacha kazi, alisukumwa kwenye sinki ashike kwa muda. Muda huo ndio unaoisha Ijumaa. Jina la Mama Povu alilipata kwa kuwa mikono yake ilikuwa haionekani kuanzia viwiko kushuka chini. Sahani aliyoiosha yeye ukiipitishia kidole ililia kama paka aliyekanyagwa mkia. Daktari mkuu mmoja wa zamani alikuwa akichana nywele kwa kujitazama kwenye sahani hizo. Anayebisha akamuulize, ila alihamishwa zamani na sijui aliko.

Wapishi walimwogopa kuliko msimamizi. Sufuria ikija kwake imeungua, alimwita mpishi mbele za watu: "Baba, hiki chakula ulikuwa unakipika au unakiadhibu?"

Kisha ukaja ugonjwa. Kisukari kilimwingia kimyakimya. Kilianza na macho, kikala pembeni kuelekea katikati, halafu kikashuka kwenye vidole na kuvitia ganzi. Hakumwambia mtu. Sisi tulijua asubuhi moja, pale mpishi wa zamu alipopita karibu na sinki akaona maji mekundu. Kisu kilikuwa kimelala chini ya povu. Kilikuwa kimemkata kidole cha shahada mpaka mfupani, naye anaendelea kusugua huku akiimba. Mpishi alipiga kelele. Mama Povu akageuka, akauliza, "Jamani, nani kaumia?"

Kidole hicho hakipo tena. Alikwenda kukatwa katika hospitali nyingine, upande wa pili wa mji, akawaambia kilibanwa na mlango. Hapa kwetu hakutaka kutibiwa, kwa kuwa faili la mfanyakazi wa hapa lina miguu. Likitoka kwa daktari linapanda lenyewe mpaka ofisini. Na mnaijua kanuni: anayeonekana hafai kwa kazi kabla ya siku yake kufika anaondoka na asante, pensheni hana. Yeye alibakiza miaka miwili na ushei. Nyumbani ana wajukuu wawili, yatima wa binti yake, na hawana mwingine duniani. Mpishi alipomshauri apumzike, alimjibu, "Nikitoka leo, hao watoto watakula nini? Macho yangu?"

Tulikubaliana kwamba mikono ile haitaingia tena kwenye maji yenye visu.

Nyuma ya soko kuna muuza vitu vya mitumba, na kwake nilikuwa nimeona mashine ya kuoshea vyombo, ile ya zamani yenye magurudumu, unayoisukuma mpaka kwenye sinki ikanywa maji ya bomba kwa mpira wake. Umri wake uliwazidi wauguzi wengi wa hapa. Ilikuwa nyeupe enzi zake. Kuku wa yule bwana alikuwa anatagia ndani. Tukachanga, tukamhamisha kuku, tukaisukuma barabarani mpaka kazini. Magurudumu ndiyo kitu pekee kilichokuwa kizima, na hata hapo moja lilikuwa linataka kurudi sokoni.

Niliifungua kwenye chumba cha boila. Nimewahi kufufua boila iliyokufa kwa kofi moja, na mashahidi wangekuwa hai wangewaambia. Hii ilikataa kofi. Pampu ilikuwa imeshikana kwa chokaa ya maji, nikailoweka kwenye siki mpaka ikaachia. Mpira wa mfuniko ulikuwa umekauka kama biskuti, nikakata mwingine kutoka kwenye tyubu ya lori. Kwenye bomba la kutolea maji nilitoa manyoya ya kutosha kuku mwingine. Umeme ulinirusha hadi kwenye pipa la majivu. Nilirudi, tukatazamana, ukanipisha. Tulipoiwasha mara ya kwanza ilimwaga maji chumba kizima. Mama Povu, aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasikia maji yanamfikia miguuni. "Inatapika," akasema. "Basi iko hai."

Likabaki jambo moja. Mashine ya aina hii ina saa ndani inayoiambia ioshe, imwage, isuuze, inyamaze. Saa ya hii ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila hatua lazima mtu azungushe kitasa kwa mkono. Nilitafuta saa nyingine katika karakana za mji huu mpaka nikaipata ndani ya mzoga wa mashine kama yetu. Nilirudi nayo nikitembea kifua mbele.

Nikamkuta Mama Povu amelaza sikio kwenye ubavu wa mashine, mkono uko kwenye kitasa. Maji yakigonga sahani yenye mafuta yana mlio mzito, kama kofi kwenye nguo mbichi. Mafuta yakiisha mlio unakuwa mwembamba. Aliusubiri, akazungusha. Akasikiliza, akazungusha tena. Sahani zilitoka zinang'aa. Mpishi alinitazama, akaitazama saa mkononi mwangu, akaninong'oneza, "Mjomba, ukiifunga hiyo, huyu atakuwa na kazi gani hapa?"

Nikaitia mfukoni. Katika maisha yangu yote ya ufundi, hiyo ndiyo mara pekee nimekuwa na kifaa kamili mkononi nikaacha kazi nusu. Naijivunia kuliko boila zote.

Msimamizi alikuja kukagua akauliza kwa nini mashine inachezewa kitasa kama redio mbovu. Mama Povu alimjibu bila kuondoa sikio, "Mwanangu, hii ni kama mume mzee. Usipoikumbusha, inasahau ilikuwa inafanya nini." Msimamizi alicheka, akaandika kuwa mashine inahitaji mwendeshaji mzoefu. Kwa miaka miwili mmekula kwenye sahani safi na hamkujua.

Lakini macho hayakungoja. Daktari wa macho alikula kwenye sahani hizo kila mchana, ghorofa moja tu juu ya jiko, na zaidi ya mara moja alituma salamu za pongezi. Wiki iliyopita, baada ya muhuri, ndipo tulipompandisha Mama Povu kwake. Daktari alimpima macho yote mawili. Akavua miwani yake mwenyewe, akakaa, akasema mama huyu angekuja mapema angemwokolea angalau jicho moja.

"Nilijua, Daktari," Mama Povu akamwambia. "Macho ni mawili, na wajukuu ni wawili. Nilichagua."



Mwaka huu wa mwisho hakuwa anaona hata korido. Kumshika mkono kungekuwa sawa na kumpeleka ofisini. Kwa hiyo nilikuwa natangulia mbele yake, asubuhi na jioni, nikisimulia kwa sauti, naye anafuata sauti. Wauguzi mliolalamika kwamba Mjomba anapiga domo wodini, malalamiko yenu niliyapata. Hadithi ya mamba aliyeingia kwenye boila ilirefuka kwa sababu korido ni ndefu.

Wapishi wote, asanteni kwa kufunga vinywa. Na wewe Mama Povu, tunakushukuru kwa kila sahani. Pensheni yako imepita, wajukuu wako watasoma, na kwako wewe tunaomba siku zako zilizobaki ziwe nyepesi na wenye kukupenda wakae karibu. Utakapoitwa jukwaani Ijumaa, usisikilize sauti yangu, maana nitakuwa kimya. Kaa hapo ulipo. Nitakuja nikushike mkono mbele ya ofisi nzima, na tutapanda pamoja, polepole.