Priscilla Bhoke Mniko na Kitalu cha Kushoto mwa Nyumba

Priscilla Bhoke Mniko alizaliwa tarehe 3 Juni 1967 karibu na Kehancha, kifungua mimba wa Mzee Nyamongo Mniko. Alisoma hadi darasa la saba, kisha akaitwa nyumbani kumsaidia mama yake shambani.

Mwaka 1988 aliolewa na Maxwell Odero, wakafungua boma lao hapa Rodi Kopany. Joto la huku lilimtesa. Miche ya kwanza ya kabichi aliyootesha ilikauka yote, akalia kama aliyefiwa. Ndipo akajenga kitalu kushoto mwa nyumba, mahali pasipopigwa sana na jua, akakiezeka kwa nyasi na kukizungushia magunia aliyoyalowesha kila asubuhi. Kwa desturi ya hapa, mke huzikwa kushoto mwa nyumba na mume kulia, kwa hiyo Maxwell alimwonya, "Mama Cate, hapo si ndipo pa kaburi lako?" Mama akacheka: "Basi wacha nipatumie kabla hamjanilaza!"

Wateja wa miche walitoka mbali, hata Karungu. Lakini ole wako utake miche ambayo haijazoeshwa jua. "Hiyo haiuzwi. Rudi Alhamisi." Wengine walinuna, na Alhamisi wakarudi.

Maxwell alifariki mwaka 2016, akalazwa kulia. Mama alianza kuugua figo Machi 2024. Hata miguu ilipovimba, alikaa kitaluni kwenye kigoda chake. Tarehe 9 Mei 2025 alimwambia binti yake Cate, "Miche hii usiitoe kabla haijapata nguvu," akajilaza, asiamke tena.

Juzi wachimba kaburi walifika na majembe. Cate alisimama mlangoni pa kitalu, akamsihi mdogo wa baba yake, Mzee Jacktone: "Baba mdogo, wiki moja tu." Mzee naye alikuwa na uchungu wake. "Mwanangu, mama yako akae mochari kungoja kabichi?"

Cate aliingia kitaluni. Aliitoa miche kwa mikono yake, mingine ikavunjika, akaipanga sebuleni. Aliomba jambo moja tu, paa la nyasi lisibomolewe, na Mzee akakubali. Jana Mama alipoletwa nyumbani, jeneza liliwekwa katikati ya miche hiyo.

Ameacha watoto wawili, Cate na Cephas, wajukuu watano, na ndugu yake Elkana wa Kehancha.

Mkitoka kaburini, piteni sebuleni, kila mtu achukue mche. Cate hajui ni mingapi itakayopona. Anawasihi tu: msiipande leo. Iwekeni kivulini kwanza.

Lala kwa amani, Mama, chini ya paa lako.