Fundo la Kwanza Lilikuwa la Mwalimu Wayua

Wasikilizaji wapendwa, kaeni. Au msikae. Tunayemkumbuka leo angetaka mnyooshe miguu kwanza, ndipo mfungulie redio.

Mwalimu Wayua alituacha Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini na miwili. Alifundisha chekechea Ngoingwa, hapa Thika, miaka thelathini. Chekechea ile ile.

Wayua alikuwa na kamba ya mkonge aliyoisokota mwenyewe, yenye mafundo ishirini. Kila asubuhi alipita nyumba kwa nyumba, kila mtoto anashika fundo lake, wanatembea hadi shuleni. Fundo la kwanza lilikuwa la mwalimu. Watu wa boda boda, waliokosa abiria, hawakumpenda sana.

Mwaka jana akaja Byron. Miaka minne, kilo ishirini na sita. Narudia: miaka minne, kilo ishirini na sita. Mama yake, Dorine, anafanya kazi kiwandani. Byron alilishwa akitazama katuni kwa simu, na bila simu mdomo haukufunguka. Kliniki walipompima, Dorine akauliza, "Sista, hii mizani si ni ya mahindi?" Sista hakucheka. Ngazi tatu tu na mtoto alikuwa anahema. Akiendelea hivyo, sista alisema, ataanza kuugua akiwa bado mdogo.

Siku ya kwanza kwenye kamba, Byron aliketi katikati ya njia. Akagoma. Wayua naye akaketi vumbini, na sketi yake safi.

"Hata mimi nimechoka," akamwambia. "Ukiinuka, uniinue."

Wenzake wakangoja. Byron akainuka, akamvuta mwalimu kwa mikono miwili. Tangu hapo alijua ana kazi.

"Alikuwa anatoka mbio na uji bado mdomoni," Dorine ananiambia. "Simu ilikaa kwa kabati mpaka ikazima yenyewe."

Leo kilo ni zile zile, lakini Byron amerefuka hadi suruali zote ni fupi. Sista ameridhika. Juzi nilishindana naye mbio hadi kwenye geti. Matokeo tuyaache.

Kaluki, binti wa mwalimu, pole sana wewe na jamaa wote. Kaluki ameniambia kwamba jana, Jumatatu, Dorine aliomba ruhusa kazini, akaja kuchukua kamba. Akashika fundo la kwanza, akawaongoza watoto. Walipofika kona, Byron akamwangalia.

"Mama, ukichoka, keti tu. Nitakuinua."

Kesho saa moja asubuhi kamba itapita tena. Wewe unayemlisha mtoto mbele ya katuni, fikiria hilo. Mafundo mawili bado yako wazi.