Mama Niliyemwomba kwa Nusu Saa

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na wazee wangu ambao sijawafikia kwa salamu hizo mbili, shikamooni.

Mwenyekiti amenipa dakika chache, tena ameninong'oneza nisije nikalia. Ondoa wasiwasi, mwenyekiti. Sikuja Nachingwea kulia wala kumliza mtu. Majina sitayataja. Wengine wamo humu ndani, na mwenye kujijua atajijua.

Ndugu zangu, mimi nimezaliwa upande wa Kiegei. Mama yangu mzazi alivuka kutoka Msumbiji akiwa mdogo, akalima hapo mpaka alipofariki, mimi nikiwa darasa la tatu. Baba simjui, na kwa hilo msinipe pole. Nikachukuliwa na mama mdogo, kule kijijini Mkotokuyana. Alinipenda, nasema kweli mbele yenu, lakini mume wake akasema walaji wamezidi. Ofisa ustawi wa jamii akanipeleka Ruangwa, kwenye zile familia wanazoziita za kuaminika, zinazolea watoto wasio wao. Familia ile ikahamia Mtwara, mimi nikaachwa kama kabati lililokosa nafasi kwenye gari. Ndipo nikaletwa hapa Nachingwea. Nyumba ya nne hiyo, nikiwa kidato cha pili.

Kuna jambo ninyi mliolelewa na mama zenu hamlijui. Kuhama nyumba siyo kubeba nguo tu. Unajifunza kila kitu upya. Hapa sukari ni ya wageni. Hapa ukicheka unaulizwa unamcheka nani. Hapa hata ufagio una mahali pake. Mara ya nne unachoka kujifunza. Mimi nilichoka, nikawa mkali. Kidato cha tatu msichana mmoja aliniita "mtoto wa serikali", nikampiga kofi mwalimu akiwa anaona. Nilikosa. Sipambi maneno, nilikosa.

Mwalimu wa nidhamu akaniambia, "Kesho usikanyage hapa bila mzazi."

Nikarudi nyumbani, nikamweleza mama mwenye nyumba aliyekuwa akinilea. Alikuwa anapepeta mchele, na hakuacha kupepeta.

"Nilikubali kukulisha," akasema. "Kwenda kusemwa shuleni kwa ajili yako sikukubali."

Sasa mzazi nimtoe wapi? Getini pa shule alikuwapo mama mmoja wa Kimakua aliyekuwa akiuza ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha. Hatukuwa na mazoea, zaidi ya kwamba akinipimia huniongezea chumvi. Nikamwendea.

"Shikamoo mama. Naomba kesho asubuhi uwe mama yangu."

Akanitazama. "Kwa muda gani?"

"Nusu saa."

"Nusu saa naweza. Nivae khanga gani?"

Mnacheka. Chekeni tu, hata mimi nilicheka, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kesho yake tukaingia ofisini kwa mkuu wa shule. Mama kajifunga khanga zake nzuri, kakaa wima kama mjumbe wa bodi. Mwalimu wa nidhamu akauliza swali moja dogo: "Huyu mwanao ni wa ngapi kuzaliwa?" Tulikuwa tumepanga mengi njiani, hilo hatukulipanga. Mimi nikasema wa kwanza, yeye akasema wa mwisho, tukajibu kwa pamoja. Akaulizwa jina langu la ukoo, akaanza kukohoa.

"Mmekodi mzazi?" mwalimu akafoka.

Nilidhani mama ataondoka arudi getini kwenye ming'oko yake. Hakuondoka. Alisimama, Kiswahili chake kimechanganyika na Kimakua, akasema, "Mwalimu, mtoto ametoka mpaka getini kumwomba mtu asiyemjua awe mama yake. Wewe umeona uongo tu? Shida hukuiona?"

Mama akafukuzwa ofisini, mimi nikasimamishwa wiki mbili. Wiki mbili zikaisha, na mimi sikurudi. Hapo ndipo nilipoanguka, na hakuna aliyenisukuma. Nilikwenda Ruangwa, nikapata kazi ya kuosha vyombo kwa mama ntilie mmoja karibu na machimbo. Nilikaa huko miezi. Nikajiambia shule ni ya watoto wenye wenyewe. Siku moja wakapita wanafunzi wamevaa sare, wanagombania daftari na kucheka, nikageukia ukuta mpaka wakapita wote. Nawaambia, sikuwa na njaa. Pale nilikula vizuri kuliko nyumba zote. Kilichonimaliza ni kwamba nilikuwa nimeanza kukubali kuwa mimi si wa mtu.

Mchana mmoja nimeinama kwenye masufuria, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Wewe! Nusu saa yangu haijaisha."

Mama wa ming'oko. Na pembeni yake, viatu vimejaa vumbi, mwalimu wa nidhamu! Kumbe tangu niondoke, yule mama alikuwa anamsimamisha getini kila asubuhi: "Mwalimu, mtoto yuko wapi? Mwalimu, umemtafuta?" Mpaka mwalimu mwenyewe akaanza kuulizia stendi, akasikia niko Ruangwa.

Sikuwapokea vizuri. Nikawaambia, "Nikirudi nikakae wapi? Nyumba ya tano?"

"Kwangu," mama akasema. "Ya tano ndiyo. Ya sita hakuna."

Nikamgeukia mwalimu. Nilitaka kusikia atasema nini. Akakuna kichwa.

"Nilikwambia ulete mzazi, ukaleta, nikamfukuza," akasema. "Nilikosea, mwanangu."

Mtu mzima, mwalimu, ananiambia mimi hivyo mbele ya wachimbaji waliokuwa wanakula wali! Nikamkabidhi mama ntilie sufuria lake, nikanawa mikono, tukaondoka.

Msidhani mambo yalinyooka. Ustawi walipokuja kukagua, wapo waliosema muuza ming'oko mwenye chumba kimoja hawezi kuitwa familia ya kuaminika. Kwenye kikao mtu mmoja akauliza, "Atamsomesha kwa mizizi?" Mama akamjibu pale pale: "Mimi nitamwamsha aende shule. Kusomesha ni kazi yenu wenye shule. Ifanyeni."

Nikaachwa kwake, na wao wakaifanya. Kikao kile kikazaa kingine, pale pale shuleni: walimu, mtendaji wa kata, ofisa ustawi, sheikh na katekista benchi moja. Wakakubaliana kwamba kila mtoto anayelelewa nyumba isiyo yake awe na mtu mzima wake, jina limeandikwa shuleni, wa kuitwa mtoto akikosea na wa kuitwa mtoto akifaulu. Walimu wa sayansi wakaanza kutufundisha Jumamosi. Kina mama wa msikitini na wa kanisani wakapokezana kutupikia uji siku hizo. Nilipofaulu kidato cha nne, mwalimu wa nidhamu, yule yule, ndiye aliyekaa na mimi kwenye kompyuta ya shule kuomba chuo.

Tukakwama kwenye cheti cha kuzaliwa, maana sikuwahi kuwa nacho. Akatafutwa bibi aliyenipokea siku nilipozaliwa, akatoka Kiegei, akasimama kaunta ya ofisi moja ambayo sitaitaja, akasema, "Huyu nilimshika mimi, kwa mikono hii." Karani akaniangalia, akasema watoto kama sisi tukimaliza kidato cha nne tushukuru Mungu.

Nikamwambia, "Nashukuru. Fomu iko wapi?"

Leo niko mwaka wa pili chuoni, nasomea uuguzi na ukunga. Wanaoniita mtoto wa serikali waendelee kuniita. Wakija kujifungua nitawapokea.

Namshukuru mama mdogo aliyenipa alichoweza. Namshukuru mwalimu, aliyekubali kusema "nilikosea". Nawashukuru walimu wa Jumamosi, bibi wa Kiegei, na kila aliyekoroga uji. Mama yangu, umekaa hapo mbele, sitakushukuru mbele ya watu. Utanigombeza.

Funzo langu ni hili. Msituonee huruma. Huruma nimepewa nyumba baada ya nyumba, na haikunifikisha popote. Mtoto anataka mtu mmoja atakayesema "huyu ni wangu" mbele ya mwalimu na mbele ya karani, na shule iliyo tayari kumsikiliza mtu huyo. Vikiwepo hivyo viwili, tutafika chuo, na hatutaomba radhi kwa mtu kwa kufika.

Pale mezani kwa katibu lipo daftari la watoto wa mwaka huu. Kuna mistari ina jina la mtoto, na nafasi ya mtu mzima iko wazi. Mama yangu ameshaandika lake kwa mtoto mwingine, nimemwona wakati tunaingia. Kwa hiyo msinipigie makofi.

Kalamu ipo. Nani anafuata?