Mpaka Uliopita Dirishani

Basi la kutoka Derry kwenda Letterkenny halijafika mbali, Fidelma akajua gazeti lake halitasomeka. Mbele yake bibi mmoja wa Derry, kaskazini kunakotawaliwa na Uingereza, na mzee wa Donegal, ng'ambo ya mpaka katika Jamhuri ya Ireland, wasiojuana hata kwa jina, walikuwa wameshavaana kwa maneno. Uchaguzi wa Jamhuri, kule Dublin, umekwisha, na vyama viwili vikongwe, mahasimu tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe, vimerudi madarakani pamoja.

"Basi mama, lizikeni hilo suala la kuiunganisha Ireland," alisema mzee, akihangaika na pakiti ya biskuti. "Huku watu wanalilia nyumba. Nani awabebe na nyie wa kaskazini?"

"Anibebe nani? Miguu ninayo! Hao wenu, babu zao walipigana risasi, leo wanakula sahani moja. Mimi na wewe ndio tushindwe?"

"Kelele zote hizo, na kura ya Dublin huna! Mpaka upo, mama."

"Uko wapi? Nioneshe."

Mzee akachungulia dirishani. Vibao vya barabarani vilishakuwa vya kilomita. Maili za Uingereza zimebaki nyuma.

"Tumeupita wewe ukipigana na biskuti," bibi akasema. "Pale penye pampu za petroli, enzi za vizuizi, askari wa Kiingereza walinivua viatu mbele ya mama yangu. Nilikuwa na miaka tisa. Nikaapa nitauvuka huo mpaka hadi mmoja wetu achoke, mimi au wenyewe."

Mzee akatafuna polepole. Fidelma akafunua ukurasa asiousoma.

Basi likasimama. Bibi akamshukuru dereva, kama ilivyo desturi ya huko, kisha akamgeukia mzee mlangoni.

"Mimi bado sijachoka."