Kaka Yetu Pua na Kikao Chake cha Chupa

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Pua, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957, alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga. Baba yake alikuwa karani wa posta na mama yake mshonaji. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne. Wa mwisho ni dada yake, ndiye anayewasomea haya, na marehemu hakuwahi kumwita jina jingine ila Kitinda, hata dada huyo alipokuwa mwalimu mkuu anayeogopwa na shule nzima. Mama alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alinusa kwanza ndipo akalia. Baba alisema mama anatia chumvi. Lakini hata baba alikuwa akimpa maziwa ayanuse kabla hayajachemshwa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha sekondari hadi 1974. Hatutamsifu kwa uongo: hesabu aliziweza, historia ilimpiga chenga. Kidato cha tatu alimwambia mwalimu wa kemia, mbele ya darasa, "Mwalimu, hiyo si spiriti. Ni siki." Aliambiwa akae chini na afunge mdomo. Mwalimu alifungua chupa, akainusa, akabandua lebo. Pua akaendelea kukaa chini, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asimame. Mwaka 1975 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu cheti cha umeme mwezi Novemba 1977.

Tarehe 2 Januari 1978 aliajiriwa kama fundi katika kampuni ya kutunza lifti, na huko alibaki miaka thelathini na minne, mpaka alipostaafu tarehe 31 Agosti 2012. Jina la Pua alilipata tarehe 14 Juni 1989, katika hospitali ya ghorofa tisa. Alikuwa ameitwa kutengeneza lifti ya kwanza. Akiwa kwenye korido, begi la vifaa begani, akasimama ghafla. "Mota ya lifti ya pili inaungua," alimwambia mwenzake, mhandisi wa umeme. Mwenzake hakuona moshi wala kusikia kengele, akacheka. Marehemu alipanda ngazi mbio hadi chumba cha mashine, akakata umeme, kisha wakaishusha ile lifti kwa mikono, polepole, mpaka mlangoni. Ndani mlikuwa na nesi na mgonjwa aliyelala kwenye kitanda cha magurudumu. Mgonjwa yule alitoka hajui kilichotokea, akauliza kama chakula cha mchana kimeshapita. Kampuni ilimwandikia kaka barua ya pongezi, naye akaihifadhi kwenye droo ya soksi.

Ni huyo huyo mhandisi aliyemwalika kwenye kikao chake cha kwanza cha chupa, Jumamosi tarehe 12 Oktoba 1996. Kwa wale ambao hawajawahi kuhudhuria, kikao hiki si mahali pa kunywa mtu akalewa. Ni watu wachache wanaopenda bia zinazopikwa na wapishi wadogo, mapipa mawili matatu kwa mara moja. Kila mmoja huja na chupa yake moja, ikafunguliwa, ikagawanywa kwa wote, ikazungumzwa. Kaka hakuelezwa hayo. Alifika na kreti nzima ya bia za dukani begani, anahema. Walimpokea vizuri, wakaificha kreti chini ya meza, wakamwekea glasi ndogo yenye bia ya vidole viwili.

"Hii ni ya kikohozi?" aliuliza.

"Nusa kwanza," wakamwambia.

Alinusa. Kisha akaanza kutaja: ganda la chungwa, asali iliyoungua, mbao iliyopigwa randa leo asubuhi. Meza nzima ikamgeukia. Mpishi wa bia ile, aliyekuwa amekaa pembeni, akakiri kwamba kweli pipa lake lilitengenezwa upya wiki ile. Tangu siku hiyo hakuna aliyefungua chupa kabla Pua hajafika.

Mwaka 1999 alianza kuwa mwenyeji mwenyewe, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili, katika nyumba yake ya ghorofa ya nne kwenye jengo lisilo na lifti. Alitaniwa sana kwa hilo. Sheria zake alizibandika kwenye mlango wa friji. Chupa moja kwa kila mtu. Bia nyepesi kwanza, nzito mwisho. Maji na mkate mezani muda wote. Aliyeendesha gari asiguse glasi. Aliyelewa asirudi mwezi ujao. Na iliyo kubwa kuliko zote: mwenye chupa anamiminiwa wa mwisho na anasema wa mwisho, ili wengine wasione haya kusema kweli. Mwenyewe alimimina kwa mkono mwepesi, akiinamisha glasi kidogo, na watu kumi na wawili walipata sawasawa kutoka chupa moja bila kipimo.

Dada yake hakuyaamini hayo. Yeye hanywi, hajawahi, na mwaka 2000 alipanda zile ngazi za ghorofa nne kwenda kumtoa kaka yake kwenye ulevi. Alikuwa ameandaa maneno makali tangu kituo cha basi. Alifungua mlango akakuta watu wazima, mfamasia mmoja na wahandisi wawili wakiwemo, wanabishana karibu kutoana macho kama glasi inanukia ndizi au karafuu. Hakuna aliyevaa miwani. Kaka akamsogezea kiti, akamwambia, "Kitinda, kaa. Kunusa si kunywa." Alikaa, na tangu siku hiyo hakuacha kuja. Maneno makali aliyameza, na ukweli ni kwamba ilikuwa karafuu.

Ndoa ya marehemu ilianza kwa kosa. Jumamosi tarehe 25 Agosti 2001 mfamasia alikuja na rafiki yake, mwanamke mwoka mikate, ambaye alikuwa amepika bia yake ya kwanza maishani kwa mabaki ya mikate ya duka lake. Ilifunguliwa ya mwisho. Pua alimimina kidogo kwenye glasi aliyoitoa kabatini, akanusa, akakunja uso. "Hii imeharibika. Inanuka sabuni," alisema, akaimwaga kwenye sinki mbele ya wageni. Mwoka mikate alichukua mkoba wake, akasema, "Asanteni kwa kunikaribisha," akashuka ngazi. Wageni walipoondoka kaka alianza kuosha glasi, na harufu ile ile ikampanda puani. Wiki ile alikuwa amenunua sabuni mpya ya vyombo yenye manukato ya maua, na hakuzisuuza glasi vya kutosha. Glasi ambazo wageni walikuja nazo kutoka kwao zilikuwa safi. Ni zake yeye, mwenyeji, zilizonuka.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi alikuwa kwenye foleni ya duka la mikate. Alipofika mbele, akavua kofia. "Bia yako ilikuwa nzima," alisema, na watu wote foleni nzima wakimsikia. "Glasi zangu ndizo zilikuwa chafu. Niliimwaga bure, na nilikuaibisha bure."

"Unanunua mkate au hununui?" mwoka mikate aliuliza. "Watu wanasubiri."

Alinunua miwili. Akarudi kesho yake, na keshokutwa, mpaka majirani wakaanza kugawiwa mikate. Walifunga ndoa tarehe 8 Machi 2003, yeye akiwa na miaka arobaini na mitano, wakati ndugu wote walikuwa wameshakata tamaa. Tarehe 2 Desemba 2004 wakajaliwa binti, mtoto wao wa pekee. Shemeji yetu akaendelea kupika bia yake ya mikate, na mwaka hadi mwaka haikukosa mezani.

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo dada yake aliiandika mara mbili.

Mwaka 2016 kaka alianza kupoteza uwezo wa kusikia harufu. Kwanza ilipotea kahawa, halafu sabuni, halafu jasho la nguo zake mwenyewe. Mwisho wa mwaka hakubaki na kitu. Hakumwambia mtu isipokuwa mkewe. Watu walikuwa wakisafiri nusu siku kuleta chupa mbele ya pua ile, na yeye hakujua angekuwa nani bila hiyo. Basi wakapanga mbinu. Mke alikaa kulia kwake, akanusa, akamgonga goti chini ya meza: mara moja nzuri, mara mbili mbaya. Maelezo mengine kaka aliyatoa kichwani, kwa kukumbuka. Walifanya hivyo karibu miaka miwili, na hakuna aliyeshtuka.

Jumamosi tarehe 24 Novemba 2018 tanuri la duka liliharibika, na mke hakuweza kuja. Dada yake alikuwepo, amekuja na kitabu chake na glasi yake ya maji. Siku hiyo dereva wa teksi, mgeni wa kikao kwa miaka mitano, alileta bia aliyopika mwenyewe. Aliweka chupa mezani kwa mikono miwili.

"Pua, leo nataka neno lako tu," alisema. "Nimepata mnunuzi wa gari. Ukisema ni nzuri, Jumatatu nauza, nafungua kiwanda changu. Ukisema mbaya, nabaki na usukani wangu."

Kaka aliinua glasi akaipeleka puani, akakaa nayo. Dada yake alidhani anafikiri. Kumbe kaka alikuwa anatafuta mlango wa kutokea. Neno moja tu, "nzuri" au "mbaya", na hakuna ambaye angejua. Aliirudisha glasi mezani.

"Ndugu yangu, sisikii kitu," alisema. "Si bia yako. Ni mimi. Sisikii harufu yoyote tangu mwaka juzi, na nimekuwa nikiwadanganya. Nimeshawahi kumwaga chupa ya mtu kwa kosa langu. Gari lako siliuzi kwa pua iliyokufa."

Mhandisi, rafiki wa miaka arobaini, alijifuta macho kwa kitambaa cha meza. Kaka alichukua kalamu na karatasi. "Basi tuzunguke. Kila mtu anuse, aseme anachosikia yeye, sio anachodhani ningesema mimi. Mimi naandika."

Walizunguka. Kumbe watu walikuwa na pua muda wote, ila hawakuwa na nafasi ya kuzitumia. Mwisho kabisa kaka alisukuma glasi kwa dada yake, ambaye miaka kumi na minane alinusa akanyamaza. "Kitinda, pua yetu ni ya mama. Sema."

"Siagi," alisema. "Siagi iliyokaa nje."

Mfamasia alinusa tena, akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa bia iliyotolewa kwenye pipa kabla haijamaliza kuchachuka. Dereva hakuuza gari Jumatatu ile. Alipika tena mara sita, akaileta mara sita, na mwezi Septemba 2021 alifungua kiwanda chake. Yupo hapa leo, safu ya tatu, na ndiye aliyebeba jeneza upande wa kushoto mbele.

Mwezi Februari 2019 madaktari walieleza kwamba pua ilikuwa ishara ya kwanza ya ugonjwa wa Parkinson. Mikono ikaanza kutetemeka, na kazi ya kumimina akamwachia binti yake. Uenyeji hakuuacha. Alibaki na karatasi yake, baadaye na masikio tu, akiwauliza watu, "Wewe unasikia nini?" na kusubiri jibu hata likichelewa. Vikao vya miaka ile mitano vilikuwa na maneno mengi kuliko vyote vilivyotangulia. Cha mwisho alikiongoza tarehe 30 Machi 2024. Tarehe 20 Aprili alilazwa kwa homa ya mapafu, na alifariki dunia Alhamisi tarehe 2 Mei 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita.

Siku chache kabla ya kulazwa alimwomba dada yake amsomee wasifu wake. "Nisomee nikiwa bado na masikio," alisema. Dada yake alikuwa ameshaandika, na kwa mapenzi alikuwa ameiacha nje ile Jumamosi ya Novemba, ili kaka yake azikwe na pua yake nzima. Kaka alisikiliza mpaka mwisho.

"Umemwandika mtu mwingine," alisema.

"Nimekuandika vizuri, kaka."

"Hayo yote walinisifia kitu nilichozaliwa nacho. Siku ile sikuwa nacho tena, nilibaki mimi tu. Iandike hiyo."

Imeandikwa. Dada yake anaisoma mbele yenu akiwa na fahari ambayo hakuwa nayo hata siku alipokuwa mwalimu mkuu.

Marehemu ameacha mke mmoja, mwoka mikate, binti mmoja, kaka mmoja na dada wawili, wapwa saba, na watu kumi na wawili wa meza moja, ambao familia imeomba wahesabiwe humu kama ndugu.

Kaka, pumzika. Ulitugawia sawasawa, sasa amani iwe yako yote.